Duara Bado Si Mpira

Ndugu msomaji, leo naomba tuitumie nafasi hii kwa kazi ndogo isiyohitaji zaidi ya karatasi nyeupe, penseli moja, mpira mdogo na taa. Nataka tuchore mpira. Bila shaka wapo watakaocheka, kwani mpira ni mchoro wa kwanza wa kila mtoto: anaweka kikombe juu ya daftari, anazungusha penseli, anainua kikombe, na kazi imekwisha. Lakini alichokichora mtoto yule si mpira, ni duara. Huenda ni sahani, huenda ni sarafu, mfuniko wa sufuria, au tundu la ukutani. Kulifanya duara hilo liinuke kutoka kwenye karatasi, liwe na tumbo na mgongo, hata mtu anyooshe mkono akitaka kuliokota, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Nimeitazama kazi hiyo ikifanyika nyumbani kwangu kwa miezi mingi, na ilibeba uzito ambao sikuutazamia.

Baba yangu ni fundi wa kerezo mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alisimama mbele ya mashine hiyo katika karakana ya reli mjini Morogoro, akichonga vyuma vya kila namna. Miongoni mwa kazi alizozipenda ni kuchonga vile virungu vya mviringo vinavyokaa kwenye ncha za mikono ya mashine, ambavyo kiganja cha mfanyakazi huvishika mara mia kwa siku bila kuvitazama. Kuchonga tufe kwa kerezo linaloendeshwa kwa mkono si mchezo. Fundi huzungusha mikono miwili ya mashine kwa wakati mmoja, mmoja ukikipeleka kisu mbele na mwingine ukikipeleka pembeni; mwendo wa mmoja ukizidi wa mwenzake kidogo tu, tufe linakuwa kiazi. Kisha hupima kwa kigezo cha bati kilichokatwa upinde. Hukiegemeza kwenye chuma, akavielekeza vyote viwili dirishani, na pale mwanga unapopenya ndipo penye kasoro. Tangu tukiwa wadogo Baba alikuwa akituambia kwamba jicho la fundi laweza kudanganywa na chuma, lakini mwanga haupokei hongo.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi baada ya wiki chache, akaweza kutembea kwa fimbo; mkono haukurudi. Tulimleta Dar es Salaam awe karibu na kliniki, akakaa nyumbani kwangu. Wapo jamaa waliouliza kwa nini mzee akae kwa mkwe wakati anao watoto wa kiume, na mume wangu aliwajibu kwamba kitanda hakiulizi ukoo. Basi mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa mpira mdogo wa sponji, wa rangi ya majivu, akamwelekeza aubane mara kumi, apumzike, aubane tena, asubuhi, mchana na jioni.

Alifanya hivyo kwa wiki tatu. Kisha jioni moja aliuweka mezani, akausukuma mbali naye kwa mkono wa kushoto, akasema: "Mwanangu, mikono hii haijawahi kufanya kazi isiyoacha kitu juu ya meza."

Sikuwa na la kumjibu. Aliyejibu ni binti yangu, mwanafunzi wa darasa la sita, aliyekuwa upande wa pili wa meza ile ile akifuta kwa raba mchoro wa ua hadi karatasi ikatoboka. Wiki hiyo alikuwa amerudi na daftari la sayansi lenye alama tatu kati ya kumi, na maneno ya wino mwekundu kwamba hana mkono wa kuchora. Aliyeyaandika alikuwa labda na madaftari mengine sabini ya kusahihisha, na pengine aliyasahau kabla wino haujakauka. Mtoto hakuyasahau. Mtoto akiambiwa hajafanya vizuri, anaweza kujitahidi. Akiambiwa hana mkono, huona ameumbwa hivyo na hakuna la kufanya. Akamwambia babu yake, kwa utani wao wa kila siku: "Babu, wewe huna mkono na mimi sina mkono. Huo mpira labda tuubane kwa meno."

Mzee alicheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu alipougua. Akaagiza penseli na karatasi, na tangu jioni hiyo ule mpira haukubanwa tu, ulichorwa.

Niseme neno juu ya penseli yenyewe. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, na jina hilo limewatia wengi hofu ya sumu, lakini ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni grafaiti, ambayo ni kaboni, ndugu wa almasi. Hapo zamani penseli bora zilitengenezwa kwa grafaiti ya Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Ufaransa ilipoingia vitani na Uingereza ikaikosa bidhaa hiyo, na mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akapata njia ya kusaga grafaiti ya hali ya chini, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi na kuichoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu. Grafaiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Herufi H na B unazoziona ubavuni mwa penseli hutokana na jambo hilo hilo. Grafaiti ipo hata kwetu, Mahenge na mkoani Lindi, ingawa siku hizi dunia inaitafuta zaidi kwa ajili ya betri. Kwa kazi yetu HB ya dukani yatosha, na ukipata 2B na 4B ni heri zaidi. Baba alikikataa kichongeo cha mtoto. Alitaka wembe, nami nikachonga huku akinisimamia, mpaka ncha ikawa ndefu kama mwiba wa mchongoma.

Binti akaweka bilauri juu ya karatasi, akazungusha penseli, kisha akaukoleza mstari mpaka ukawa mweusi kama lami.

"Huo waya umeuona wapi?" babu yake akamuuliza.

"Waya gani, Babu?"

"Huo uliouzungushia mpira. Mimi hapa naona mpira. Waya siuoni."

Mtoto akautazama mpira, akautazama mchoro, akautazama tena mpira. Kwa kweli, ndugu msomaji, hapo ndipo penye kiini cha kazi yote. Hakuna mpira duniani wenye mstari kuuzunguka. Kuna mahali ambapo weupe wa mpira unakutana na ukuta ulio na giza kidogo, na mahali pengine giza la mpira linakutana na weupe wa meza, na pengine kivuli cha mpira na kivuli cha mezani vinaungana hata usijue kimoja kimeishia wapi. Mstari tunauweka sisi kwa sababu tunajua kwamba mpira una mwisho. Kwa hiyo uchore duara lako kwa wepesi, kama vile huna hakika nalo, kwani baadaye vivuli vitalimeza.

Jambo la pili lilikuwa taa. Chumba chetu kina taa ndefu ya darini na dirisha linalopokea mwanga wa barabarani, na mpira uliokaa kati ya nuru mbili hizo haukuwa na sura. Ulikuwa na kivuli huku na kivuli kule, vyote dhaifu. Baba aliamuru taa izimwe na pazia lishushwe, tukawasha mshumaa, tukausimamisha juu ya kopo upande wa kushoto, juu kidogo kuliko mpira. Papo hapo ule mpira wa sponji ukawa kama umepewa uhai. Ukitaka kuliona umbo la kitu, kipe taa moja, tena kutoka ubavuni. Picha za simu zinazopigwa kwa mwanga wa mbele humfanya mtu mwenye sura nzuri awe na uso wa sahani kwa sababu mwanga huo unatokea pale pale lilipo jicho la kamera, na vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu. Baba alitukumbusha milima ya Uluguru. Saa sita mchana ni kama pazia lililotundikwa nyuma ya mji. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama, kila korongo unaliona na kila mgongo unauhesabu, na milima ni ile ile.

Kwa robo saa nzima mzee hakumruhusu mtoto kushika penseli. Alimtaka afinye macho mpaka vitu vidogo vidogo vipotee na kubaki giza na mwanga tu, kisha aseme anaona nini. Mtoto akasema: huku kweupe, huku kweusi. Akaambiwa aangalie tena. Akaona kwamba kati ya kweupe na kweusi hapakuwa na mpaka, bali utusitusi unaozidi polepole. Mtaalamu mmoja, Johann Heinrich Lambert, aliieleza kanuni yake katika kitabu cha mwaka 1760: sehemu inayoutazama mwanga moja kwa moja huipata nuru yote, ikiinama kwa nyuzi 60 huipata nusu tu, ikifika nyuzi 90 haipati kitu. Maana yake kwa mchoraji ni kwamba mwanzoni nuru hupungua kwa uvivu, halafu huanguka kwa haraka inapokaribia giza. Wanaoanza kuchora hugawa kivuli sawasawa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, na mpira wao hutoka kama bomba.

"Na giza kuu liko wapi?" mzee akauliza.

Mtoto akaonyesha ukingo wa kulia, mbali kabisa na mshumaa. Ungeniuliza mimi ningeonyesha hapo hapo, na nadhani nawe ungefanya hivyo. Lakini haliko hapo. Tazama mpira wako: giza zito limekaa kama mshipi, ndani kidogo ya ukingo, na baada ya mshipi huo, kuelekea ukingoni na chini, kuna mwanga hafifu. Mshumaa haufiki huko, basi mwanga huo watoka wapi? Unatoka mezani. Mshumaa umepiga karatasi nyeupe iliyo chini, na karatasi imeurudisha mwanga kwenye tumbo la mpira kutoka upande wa chini.

Mtoto hakusadiki. Mzee akamwambia alete khanga. Akaleta yangu nyekundu, akaitandika chini ya mpira, na mimi niliyekuwa jikoni nikasikia ukelele: "Mama, njoo uone! Mpira umevaa khanga!" Kweli, tumbo la mpira wa kijivu lilikuwa limeingia wekundu. Tukatandika kitambaa cheusi, na ule mwanga wa chini ukafa, mpira ukawa mzito na mfu upande mmoja. Jaribu nyumbani kwako leo usiku. Gharama yake ni mshumaa.

Jambo hili hili hutokea angani, na wengi wetu tumeliona. Mwezi unapoandama, watu wakiwa wamesimama ufukoni au juu ya paa wakitafuta ule uzi mwembamba wa nuru, mara nyingi sehemu nyingine ya mwezi huonekana pia, kijivu na hafifu, kama mzimu wa mwezi mzima. Jua haliifikii sehemu hiyo. Leonardo da Vinci, Mwitaliano aliyekuwa mchoraji na mtafiti, aliandika katika madaftari yake mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba nuru ile ni ya jua iliyoipiga dunia yetu ikarudi mwezini. Alidhani ni bahari zinazoirudisha. Leo twajua mawingu yana sehemu kubwa zaidi. Lakini jibu lenyewe alilipata, na sishangai kwamba alilipata mtu aliyezoea kuchora matufe yenye vivuli. Dunia ndiyo karatasi ya mezani, na mwezi ndio mpira.

Simulizi ninayoipenda zaidi ni ya karne iliyofuata. Julai 1609, karibu na London, mwanahesabu hodari aliyeitwa Thomas Harriot alielekeza darubini kwenye mwezi akachora alichokiona. Ndio mchoro wa kale zaidi tunaoujua wa mwezi uliotazamwa kwa darubini. Ukiutazama utaona duara, mstari wa kukwaruza unaotenganisha mwanga na giza, na madoa machache. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo Galileo Galilei, akiwa Padua nchini Italia, aliutazama mwezi ule ule. Galileo alikuwa amependa uchoraji tangu ujana. Rafiki yake mmoja wa karibu, Cigoli, alikuwa mchoraji, na mwaka 1613 yeye mwenyewe alipokewa katika jumuiya ya wachoraji ya Florence. Alipoona kwamba mpaka wa giza na mwanga umemeguka-meguka, na kwamba ndani ya giza kuna vijidoa vya nuru vinavyokua kadiri saa zinavyopita, alijua anachotazama. Ni vilele vya milima vinavyolipata jua kabla ya mabonde, sawa na alfajiri ya Uluguru. Machi 1610 alichapisha kitabu chenye picha za mwezi wenye milima na mashimo. Haki itendeke kwa Harriot: darubini yake ilikuza mara sita tu, na ya Galileo mara ishirini hivi. Hata hivyo, baada ya kitabu kile kutoka, Harriot aliuchora mwezi tena mwaka huo wa 1610, na safari hii mashimo yakaonekana. Wapo wanahistoria wa sanaa wanaosema, nami nakubaliana nao, kwamba tofauti haikuwa ya vioo peke yake. Mmoja alikuwa amefundishwa kusoma kivuli, mwenzake hakuwa amefundishwa bado.

Nilimsomea binti yangu habari hiyo. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo Harriot naye hakuwa na mkono?" Babu yake akamjibu: "Mkono alikuwa nao. Alikosa mtu wa kumzimia taa."

Turudi mezani. Mpira ukishaukariri kwa macho, anza kutia kivuli. Usikandamize penseli. Pita mara ya kwanza kwa mistari myepesi iliyokaribiana, inayopinda kufuata tumbo la mpira, ukiacha weupe wa karatasi pale palipo na mwanga mkuu. Pita mara ya pili ukianzia mbele kidogo, mara ya tatu mbele zaidi, mpaka ule mshipi wa giza ujikusanye wenyewe kwa tabaka. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja ili jasho lisiharibu kazi. Baba alipiga marufuku kusugua kwa kidole, ambako vijana wengi hukupenda kwa kuwa kunaleta ulaini upesi. Alisema kidole kina mafuta, na uchafu uliosambazwa vizuri ni uchafu bado. Mimi naona hapo alizidisha ukali, lakini karakana ilikuwa yake.

Mwanga wa kurudi, ule wa tumboni, ndio unaowaponza wengi. Mtu akishaugundua huufurahia mno, akauacha mweupe, na mpira ukaonekana kama una taa mbili au umetengenezwa kwa kioo. Hata uking'aa namna gani, uwe na giza kuliko sehemu yoyote inayotazamana na mshumaa. Kata pembe ya raba iwe kali, uunyanyue mwanga huo kwa mguso mmoja, kisha ukae mbali utazame.

Mwisho kivuli cha mezani. Bila hicho mpira huelea kama puto. Hakiwi duara, bali duaradufu iliyolala na kunyooka upande usio na taa. Mshumaa ukiushusha hurefuka, ukiupandisha hujikunja. Cheusi kuliko vyote ni ule ufa mwembamba ambapo mpira unaigusa meza, kwa kuwa hapo mwanga hauna mlango. Kadiri kivuli kinavyokwenda mbali, giza lake hupungua na kingo zake hulegea. Binti yangu alipotia ule ufa mweusi, kidogo tu, kwa ncha ya 4B, mpira wake ulikaa mezani. Ulikaa kweli. Alirudisha mkono nyuma kana kwamba ameungua.

Kuna mchezo ambao watoto wataupenda. Chora viduara kadhaa bila kivuli cha mezani, vyote vyeupe juu na vyeusi chini. Vitaonekana kama vifungo vilivyotuna. Sasa geuza karatasi juu chini. Vifungo vinakuwa mashimo. Mwaka 1988 mtaalamu mzaliwa wa India anayefanya kazi Marekani, V. S. Ramachandran, alieleza kwamba ubongo huchukulia mwanga unatoka juu, kama wa jua, na kulihukumu umbo kwa dhana hiyo. Hatuulizwi. Jicho linaamua kabla hatujafikiri, ndiyo maana wino mdogo wa penseli waweza kulifanya lione tumbo pasipo na tumbo.

Na mzee? Yeye alianza kwa mkono wa kushoto. Mpira wake wa kwanza ulifanana na andazi lililoungua, na alikataa tusiutupe. Alitaka tarehe iandikwe nyuma, kama walivyokuwa wakifanya karakana. Baada ya mwezi mkono wa kushoto ulikuwa umetii, akawa na mipira mitatu au minne ambayo ungeweza kuitundika. Hapo ndipo alipohamishia penseli mkono wa kulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Usiku mmoja, yapata saa nane, niliamka nikaona mwanga chini ya mlango. Alikuwa peke yake mezani na mshumaa na mpira wake, penseli imefungwa kwenye vidole kwa kitambaa. Karatasi ilikuwa na mikwaruzo tu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Kisha akaniuliza, si kwa uchungu, bali kama mtu anayeuliza bei: "Mwanangu, fundi asiye na mkono ni nani?"

Nilikaa. Niseme nini mbele ya mtu aliyenisomesha kwa mikono ile? Baada ya muda aliivuta michoro ya mjukuu wake iliyokuwa pembeni, akaipitia mmoja mmoja, akaweka kidole cha kushoto kwenye mpira mmoja. "Hapa amekosea," alisema. "Giza limefika mapema. Kesho nimwambie." Akanyamaza tena. "Jicho bado linapima," akasema, na akaniomba nimfungue kitambaa ili akalale.

Sitadai kwamba kuchora kumemponya. Wataalamu hawasemi hivyo na mimi siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba tangu usiku ule anabana mpira wake bila kukumbushwa, kila jioni kabla ya kuchora, akisema anaupasha mkono moto kama mashine. Leo mkono wa kulia unashika kikombe kikiwa nusu. Unashika penseli bila kitambaa kwa muda wa mistari arobaini hivi, kwani anaihesabu. Kushona kifungo, kufunga kamba za viatu, bado. Mpira wa karibuni aliouchora kwa mkono huo una upande mmoja uliobonyea, lakini mwanga wa kurudi umekaa pale pale unapotakiwa.

Binti naye amepata alama saba kwa mchoro wa jicho la binadamu. Anasema angepata nane kama asingetia vivuli, kwani mwalimu alitaka mistari mitupu yenye majina. Nami nimemwambia shuleni achore wanavyotaka shuleni. Juzi alimwambia babu yake kwamba mpira sasa ameuzoea, anataka kitu kigumu zaidi.

"Yai," mzee akamwambia. "Yai halichorwi kwa bilauri."

Akampa sarafu aende dukani kwa jirani, na alipokuwa amefika mlangoni akamwita tena kumkumbusha achague jeupe, wala asikubali kupewa lililochemshwa.